MASHINE IKIZIMIKA KATIKATI YA MTO
Somo la ufundi kwa manahodha, mabaharia na mafundi wa boti



Somo letu linahusu mashine ya boti, ile inayofungwa nyuma ya chombo, ikawashwa kwa kamba na kuongozwa kwa mkono. Huenda ndugu wengine watauliza: "Sisi watu wa Logiri tuna habari gani na mashine za majini? Kwetu ni juu, karibu na mpaka wa Kongo, na vijito vyetu mtoto anavivuka kwa miguu." Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba mfanyakazi hufuata kazi iliko. Wapo ndugu zetu waliojifunza ufundi kwenye pikipiki na vinu vya kusagia unga huko Logiri, Arua na Koboko, na sasa wanafanya kazi Rhino Camp, Obongi, Pakwach, Panyimur na mialo mingine ya Nile na Ziwa Albert. Fundi wa namna hiyo anaijua plagi na anaijua kabureta. Lakini mashine ya boti ina mambo yake ambayo pikipiki haina, na hayo ndiyo yanayowaponza wengi.

Tunashauri somo hili lisomwe kwa pamoja, katika kikundi, mashine ikiwa mbele yenu. Asiyejua kusoma asomewe, na mwenye mikono mizoefu awaonyeshe wengine.

KISA CHA KUANZIA

Nahodha mmoja, mwanachama wetu, alikuwa akiendesha boti ya abiria yenye mashine ya nguvu ya farasi 40. Siku moja ya soko, akiwa katikati ya mto, mashine ililia kama chuma kinachosagwa, ikazimika, na kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Ilikuwa imenoki. Mabaharia walipiga makasia mpaka ukingoni, wala hakuna aliyeumia. Kesho yake mwenye boti alimwambia nahodha: "Umeua mashine yangu, kwa hiyo utailipa." Akaanza kumkata nusu ya malipo yake kila juma.

Nahodha alipoleta shauri lake kwetu, tulimwuliza neno moja: "Unalo daftari?" Alikuwa nalo, daftari la shule lililochafuka kwa oili. Ndani yake alikuwa ameandika mara tatu, kila mara na tarehe yake: "Mashine haikojoi vizuri. Nimemwarifu mwenye boti. Amesema tusubiri." Fundi alipoifungua pampu ya maji, alikuta impela ya mpira imeliwa na mchanga na mabawa yake mawili yamekatika. Mwenye boti aliyasoma maandishi yale mwenyewe mbele yetu. Alinyamaza kitambo, kisha akakubali kurudisha fedha alizokwisha kata.

Kisa hiki kinatufundisha mambo mawili. Kwanza, mashine haifi ghafla. Hutoa habari mapema, na kazi yetu ni kuisikiliza. Pili, mfanyakazi anayejua kutafuta ugonjwa kwa utaratibu, kisha akauandika, analinda maisha ya abiria na pia analinda jasho lake.

UZITO WA JAMBO LENYEWE

Gari likizimika njiani husimama, dereva akashuka na kulitazama. Boti ikizimika haisimami. Maji huichukua yanakotaka. Katika Nile ya Albert, kuanzia ziwani, kupita Pakwach na kushuka hadi Nimule, maji hayo yanaweza kuisukuma kwenye matete na mafunjo, kwenye visiwa vya gugu maji vinavyoelea, au mahali penye viboko na mamba. Katika Ziwa Albert upepo hubadilika upesi, na boti isiyo na nguvu ya mashine hugeuzwa ubavu kwa mawimbi.

Tukumbuke yaliyokwisha tokea nchini.  Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyojaa wakimbizi wa Kikongo waliokuwa wakirudi kwao ilizama katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hatusemi kwamba misiba hii ililetwa na mashine peke yake. Kupakia watu kupita kiasi ndiko kulikotajwa zaidi. Tunachosema ni kwamba boti iliyojaa kupita kiasi haina nafasi ya kosa la pili. Mashine ikizimika katika boti ya namna hiyo, dakika chache zinatosha kuleta msiba.

KWANZA WATU, BAADAYE MASHINE

Mashine ikizimika safarini, hapana budi kufuata mpango huu kabla ya kugusa spana:

1. Waambie abiria wakae chini na wasihame upande. Kila mtu awe amevaa jaketi lake la kuokolea. Jaketi lililofungwa chini ya magunia si jaketi.

2. Baharia ashushe nanga, au apige kasia ili omo ya boti ielekee kwenye mawimbi. Boti isiachwe ikae ubavu.

3. Zima sigara na moto wowote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hukaa chini kabisa ndani ya boti, miguuni pa abiria.

4. Sasa ndipo nahodha afungue kifuniko cha mashine.

Kwa sababu hiyo boti isiondoke mwaloni bila vitu hivi: makasia mawili, nanga na kamba yake, kopo la kutolea maji, plagi mbili mpya, spana ya plagi, koleo, bisibisi, kamba ya akiba ya kuwashia, na pini za akiba kwa mashine zinazotumia pini. Vyote hivi vinaingia katika mfuko mmoja, ukitoa makasia na nanga.

HAJA NNE ZA MASHINE

Mashine yoyote ya petroli ina haja tatu ili iwake: ipate mafuta, ipate moto wa plagi, na iwe na mbano wa kutosha ndani ya silinda, ambao mafundi wengi huuita kompresheni. Mashine ya boti ina haja ya nne ili iendelee kuishi, nayo ni maji ya kuipoza. Pikipiki hupozwa na upepo. Mashine ya boti huvuta maji ya mto, ikayazungusha ndani ya mwili wake na kuyatoa tena.

Fundi mbaya hubahatisha. Hubadilisha plagi, akafungua kabureta, akagusa koili, vyote kwa pamoja. Mashine ikiwaka hajui kilichoiponya, na isipowaka hajui alichoharibu. Fundi mzuri huuliza haja moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo rahisi, na hubadilisha kitu kimoja tu kila mara. Tuzifuate hivyo.

KABLA YA YOTE: MAMBO YA AIBU

Tunayaita mambo ya aibu kwa sababu fundi hufungua mashine nzima, kisha akagundua kwamba kosa lilikuwa nje. Tazama kama kile kipande cha kamba ya usalama, ambacho nahodha hujifunga mkononi, kimo mahali pake kwenye swichi. Kikitoka, mashine haiwaki hata ukivuta kamba mpaka jioni. Tazama kama gia iko katikati. Mashine nyingi zimetengenezwa zisiwake gia ikiwa imeingia. Tazama kama tangi lina mafuta. Kisha fungua kile kiskurubu cha kuingizia hewa juu ya kifuniko cha tangi. Kikifungwa, mashine huenda vizuri kwa muda, kisha hudhoofika na kuzimika, kwa sababu mafuta hayawezi kutoka pasipo hewa kuingia.

HAJA YA KWANZA: MAFUTA

Katika mpira wa mafuta, kati ya tangi na mashine, kuna puto la kubinya kwa mkono. Puto hili ni daktari wa bure. Kwanza, mshale ulio juu yake uelekee kwenye mashine. Kisha libinye na usikilize mkono wako.

Puto likiwa gumu baada ya kubinywa mara kadhaa, mafuta yamefika kwenye kabureta. Puto lisipokuwa gumu hata kidogo, ama tangi ni tupu, ama mpira umepasuka na unavuta hewa, ama mafuta yanamwagika ndani ya kabureta kwa sababu sindano ya boya haifungi. Puto likinywea na kubaki limebonyea kama chungwa lililonyonywa, basi njia imeziba upande wa tangi: ni kile kiskurubu cha hewa, au uchafu katika chujio la ndani.

Baada ya hapo chunguza mafuta yenyewe. Chota kidogo kutoka chini kabisa ya tangi, utie katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatajitenga na kukaa chini, nawe utaona mstari. Maji huingia wakati wa mvua, kwa jerikeni zisizo na kifuniko kizuri, na kwa kumimina mafuta mawimbi yanapopiga. Mafuta yenye maji yamwage nchi kavu, mbali na kisima na mto, na usafishe kabureta pia, kwa sababu tone moja linatosha kuziba tundu lake dogo.

Hatari nyingine ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa na wauzaji wasio waaminifu. Mashine ya petroli ikinyweshwa mchanganyiko huo huwa ngumu kuwaka asubuhi, hutoa moshi mwingi, na ikibebeshwa mzigo hugonga ndani. Nunua mahali unapopajua, na uandike ulikonunua.

OILI NA KIPIMO CHAKE

Mashine nyingi za mialo yetu ni za stroku mbili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli. Kipimo cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, lakini kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, hesabu ni hii:

Petroli lita 5, oili mililita 100.
Petroli lita 10, oili mililita 200.
Petroli lita 20, oili mililita 400.

Mashine mpya, au iliyotiwa pistoni mpya, huhitaji oili zaidi mwanzoni. Mara nyingi kitabu huagiza 25 kwa 1 katika saa 10 za kwanza, yaani mililita 800 kwa jerikeni ya lita 20.

Kipimo kifanywe kwa chombo chenye alama. Kofia ya chupa, kikombe cha chai au kukisia kwa macho si kipimo. Oili ikipungua, pistoni hukwaruzwa na mashine hunoki. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa. Tia oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, kisha jaza petroli iliyobaki na utikise tena.

Ndugu mafundi wa pikipiki wasikilize hapa. Oili ya pikipiki ya stroku mbili imetengenezwa kwa mashine inayopozwa na upepo, ambayo huwa na joto kali zaidi. Mashine ya boti inataka oili yake, na alama ya kutazama kwenye chupa ni TC-W3. Mashine za stroku nne zina habari nyingine kabisa: oili yake hukaa ndani ya mashine kama ya gari, na haichanganywi na petroli kamwe. Kabla ya kutia chochote katika mashine ya mtu, uliza kwanza ni stroku ngapi.

HAJA YA PILI: MOTO WA PLAGI

Fungua plagi uitazame. Plagi ni barua ambayo mashine imekuandikia. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki. Rudi kwenye haja ya kwanza. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayawaki, tafuta moto. Ikiwa nyeusi na yenye mafutamafuta, oili imezidi, au choki iliachwa imefungwa, au mashine imekwenda polepole muda mrefu. Ikiwa nyeupe kama majivu, mashine inachemka au inakosa mafuta ya kutosha. Usiendelee na safari mpaka upate sababu. Rangi ya afya ni kahawia, kama ya chai kavu.

Kujaribu moto fanya hivi. Futa petroli yoyote iliyomwagika na uache hewa ipite. Ziba tundu la plagi kwa kitambaa, kwa sababu mvuke utokao humo unaweza kulipuka. Funga plagi kwenye kofia ya waya wake, ishike kwa koleo lenye mpira, na uiegemeze chuma chake kwenye mwili wa mashine, mbali na tundu. Mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Cheche nyekundu dhaifu, au kutokuwapo cheche, ni ugonjwa. Jaribu plagi mpya kwanza. Ikiwa bado, tazama kofia na waya kama vimeliwa na kutu au vimelowa. Kisha chomoa waya wa ile swichi ya kuzimia na ujaribu tena. Swichi iliyoharibika huzima mashine daima. Ni baada ya hayo yote ndipo useme koili ni mbovu. Koili ni ghali na plagi ni rahisi. Usimtume mwenye boti kununua koili kabla hujathibitisha.

Mashine yenye silinda mbili inaweza kwenda kwa silinda moja, ikatetemeka na kukosa nguvu. Ili kujua ipi imelala, zima mashine, vua waya wa plagi moja na uufunge ushike kwenye chuma cha mashine, kisha uwashe. Fanya hivyo kwa kila silinda. Silinda ambayo ukiiondoa mashine haionyeshi tofauti, hiyo ndiyo iliyolala. Usivue waya mashine ikiwa inazunguka: unaweza kupigwa na umeme, na unaweza kuunguza kifaa cha umeme cha mashine.

HAJA YA TATU: MBANO

Vuta kamba polepole. Mashine yenye afya hukataa kidogo, kisha huachia, kisha hukataa tena. Ikiwa kamba inavutika laini kama unavuta ndoo tupu kutoka kisimani, mbano umekwenda. Sababu ni ringi zilizochakaa au kukwama, silinda iliyokwaruzwa, au gasketi ya kichwa iliyoungua. Penye kipimo cha mbano, pima silinda zote. Namba zao zisitofautiane kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Ugonjwa huu hautibiki mtoni. Mashine ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa.

HAJA YA NNE: MAJI

Hapa ndipo mashine nyingi hufa. Nyuma ya mashine kuna kitundu kinachotoa mshipa wa maji wakati wote mashine inapozunguka. Mafundi husema "mashine inakojoa", nasi hatuoni haya kulitumia neno hilo, maana kila mtu mwaloni hulielewa. Nahodha ageuze shingo na kutazama mshipa huo mara tu anapowasha, na tena kila baada ya dakika chache. Mshipa ukidhoofika au ukikatika, zima mashine mara moja.

Kwanza tazama mahali pa kuvutia maji, karibu na propela. Nile yetu imejaa gugu maji, na siku hizi mifuko ya plastiki. Toa uchafu. Kisha safisha kile kitundu chenyewe kwa waya mwembamba, kwa sababu pengine kimezibwa na udongo na maji ndani yanazunguka vizuri. Ikiwa bado haikojoi, ugonjwa uko kwenye impela ndani ya pampu. Impela ni gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Mchanga huyala mabawa hayo, hasa kwa nahodha anayewasha mashine kwenye maji mafupi mwaloni. Sukumeni boti kwa mti mpaka maji yafike kiunoni, ndipo mwashe.

Kuwasha mashine nchi kavu "ili tuisikie kidogo tu" ni kosa kubwa. Impela hupozwa na maji yale yale inayoyasukuma. Pasipo maji huungua kwa muda mfupi sana. Anayetaka kujaribu mashine nchi kavu aitumbukize katika pipa la maji. Na mashine iliyokwisha chemka isimwagiwe maji baridi, maana chuma kitapasuka. Iachwe ipoe yenyewe.

MASHINE INALIA LAKINI BOTI HAIENDI

Kama mashine inazunguka vizuri na boti inakwenda kama konokono, usiguse kabureta. Zima, inua mashine, tazama propela. Pengine imefungwa na majani au nyavu. Katika mashine ndogo, pengine pini imekatika kwa kugonga gogo. Pini imetengenezwa ikatike ili gia isivunjike, kwa hiyo usiweke msumari mgumu badala yake. Katika mashine kubwa, kuna mpira katikati ya propela ambao huteleza ukichakaa. Ili kuujua, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu hadi nje ya mpira, kisha endesha boti. Mistari miwili ikiachana, mpira unateleza.

Uzi wa nyavu uliojisokota nyuma ya propela ni adui wa siri. Hukata sili, na maji huingia kwenye gia. Fungua skurubu ya chini ya sanduku la gia utoe oili kidogo. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia. Sili ibadilishwe kabla meno ya gia hayajaliwa. Wakati wa kutia oili mpya, ijaze kutoka tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

MASHINE ILIYOZAMA

Mashine ikianguka mtoni, wengi huitoa na kuianika juani siku mbili wakimsubiri fundi. Hilo ndilo linaloiua. Kutu huanza pale hewa inapokutana na chuma kilicholowa. Ikitolewa, ioshwe tope kwa maji safi, plagi zifunguliwe, mashine ilazwe matundu ya plagi yakitazama chini, na izungushwe taratibu kwa mkono mpaka maji yaishe. Ikikataa kuzunguka, usiilazimishe. Kabureta imwagwe, mafuta yabadilishwe, oili itiwe ndani ya silinda, na mashine iwashwe siku hiyo hiyo, katika saa chache. Kama fundi hapatikani siku hiyo, ni afadhali kuirudisha ndani ya pipa la maji safi, izame kabisa, mpaka fundi afike. Jambo hili huwashangaza watu, lakini ni kweli: ndani ya maji hewa ni kidogo, na kutu huenda polepole.

DAFTARI LA MASHINE

Turudi kwa nahodha wetu. Kilichomwokoa kilikuwa daftari. Kila boti iwe na daftari lake, na kila siku ya kazi iandikwe mistari michache: tarehe, saa za kazi, petroli na oili iliyotiwa na mahali iliponunuliwa, hali ya mashine, ugonjwa uliosikika, na jina la aliyearifiwa na jibu alilotoa. Fundi naye aandike alichokikuta na alichobadilisha. Spea ya zamani arudishiwe mwenye boti aione kwa macho yake.

Daftari halikusudiwi kuwa silaha dhidi ya mwenye boti peke yake. Humwonyesha yeye pia kwamba impela iliyobadilishwa mapema ni rahisi kuliko pistoni, na pistoni ni rahisi kuliko kesi ya watu waliokufa maji. Wala halimfichi mfanyakazi mvivu. Nahodha aliyesahau oili ataonekana humo humo. Na anayearifu ugonjwa wa mashine kisha akaambiwa apakie abiria tu, asiondoke. Aandike, amwite mjumbe wa chama na wenzake wa mwaloni. Mtu mmoja akikataa huitwa mkaidi. Mwalo mzima ukikataa, mashine hutengenezwa.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mashine ilikwenda vizuri kwa robo saa, kisha ikazimika, na puto limebonyea. Utatazama nini kwanza?
2. Plagi imelowa petroli, na cheche haipo. Taja kwa mpangilio mambo utakayoyajaribu kabla ya kununua koili.
3. Jerikeni ina lita 15 za petroli. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, oili ni mililita ngapi?
4. Mashine inakojoa kidogo sana, abiria wamekwisha panda, na mwenye boti anasema mwende. Kila mmoja aeleze angefanya nini, na kikundi kikubaliane juu ya jibu moja.

Jibu la swali la tatu ni mililita 300. Jibu la swali la nne mwaliandike na kulibandika mwaloni, mahali ambapo nahodha, mwenye boti na abiria wote wataliona.